Namba ya Ofisi Isihame na Mtumishi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limetokea kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 20, bila tangazo wala mjadala. Simu za mezani zimekwisha katika ofisi nyingi za umma, hasa huku mikoani, na zilipokwisha ziliondoka na kitu ambacho hakuna aliyekihesabu, nacho ni namba ya mahali. Leo ukitaka kuzungumza na zahanati, shule au ofisi ya kata, huna budi kwanza kumtafuta anayemjua mganga, mwalimu mkuu au mtendaji, kisha umwombe namba ya mtu huyo. Mtu huenda likizo, huugua, huhamishwa, hustaafu, na siku anayoondoka namba huondoka naye mfukoni.

Nilikuwa opareta wa simu katika hospitali ya serikali tangu mwaka 1979 hadi nilipostaafu mwaka 2011. Nisingependa anayesoma barua hii adhani kwamba ni mama mzee anayelilia enzi zake, kwa sababu ubaya wa simu za mezani naujua na nitausema. Lililonisukuma kushika kalamu ni jambo lililotokea mwaka jana.

Ilikuwa saa nane za usiku, mvua ya masika inanyesha, binti wa jirani yangu akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mama yake alikuja kunigongea kwa sababu anajua nilifanya kazi hospitali, ingawa kazi yangu ilikuwa simu, ukunga siujui. Mkononi alishika kadi ya kliniki, na nyuma ya kadi aliandika kwa kalamu ya wino namba ya dharura aliyoinakili ukutani mwa kituo cha afya cha karibu na kwetu, pale ilipoandikwa kwa rangi ya buluu, kwa herufi kubwa, chini ya ratiba ya kliniki ya watoto. Nilipiga mwenyewe. Mara ya kwanza iliita hadi ikakatika. Mara ya pili akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, "Poleni sana, mama yangu. Mimi nilikuwa mganga hapo, lakini nilihamishwa mwaka juzi. Sasa niko Sumbawanga." Akanitajia namba ya muuguzi aliyemkumbuka, nikapiga, nikaambiwa kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa.

Tukatafuta bajaji. Ilichukua dakika 40 hadi tukampata kijana aliyekubali kutoka katika mvua ile, na tulipofika kituoni tulimkuta muuguzi wa zamu yuko macho, taa inawaka, kitanda cha kujifungulia kimetandikwa, na gari la wagonjwa limeegeshwa uani. Kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kumwambia muuguzi yule, kilomita nne tu kutoka nyumbani, kwamba tunamhitaji. Mtoto alizaliwa salama, Mungu ashukuriwe, lakini mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi, na muuguzi alituuliza kwa uchungu kwa nini hatukupiga simu mapema ili gari lije. Nilimwonyesha namba iliyokuwa nyuma ya kadi. Aliitazama, akasema, "Hii ni ya daktari wa zamani," akarudi kazini kwake.

Baadaye nimeelezwa kwamba kuna mpango wa m-mama na namba 115, ambayo mjamzito au ndugu zake wanaweza kuipiga bure kuomba usafiri wa dharura. Ni mpango mzuri, na usiku ule laiti tungeijua namba hiyo tungeipiga. Naitaja kwa sababu inaonyesha hasa ninachokitaka. Hakuna anayepiga 112 akauliza ni askari gani yuko zamu, wala 114 akauliza zimamoto gani, wala 116 ya huduma ya simu kwa mtoto akauliza jina la atakayepokea. Namba hizo ni za huduma yenyewe, na mpokeaji hubadilika kila zamu bila mpigaji kujua. Zamani kila hospitali, kila shule ya bweni na kila kituo cha polisi kilichofikiwa na waya kilikuwa na namba ya namna hiyo.

Neno simu lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Wazee wetu walitofautisha simu ya maandishi, ile ya kuandikwa posta na kulipiwa neno kwa neno, na simu ya mdomo, yaani hii ya kuzungumza. Zote mbili zilipita katika waya, na waya una mwanzo na mwisho unaojulikana: unatoka kituo cha simu, unapita katika nguzo, unaishia kwenye meza fulani ndani ya chumba fulani. Kwa hiyo namba ya simu, tangu ilipoingia nchini mwetu, ilikuwa anwani kama lilivyo sanduku la posta. Ilisema ni wapi, haikusema ni nani.

Swichibodi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, yenye safu za matundu ya kuchomeka plagi na vibati vidogo vyenye namba za wodi. Wodi ya wazazi ikiinua mkonga, kibati chake kilidondoka kwa mlio mdogo kama punje ya mahindi inayoanguka kwenye sinia, nami nilichomeka waya nikauliza anataka wapi. Kando ya mkono wangu wa kulia palikuwa na daftari la mistari, ambamo kila simu ya dharura iliandikwa saa iliyoingia, ilikotoka, na wodi iliyopelekewa. Saa moja asubuhi mwenzangu alilisoma daftari hilo na kulisaini kabla mimi sijatoka mlangoni. Watu wa nje hawakujua jina langu na hawakuwa na haja ya kulijua. Walijua namba ya hospitali, kwa kuwa ilikuwemo katika kitabu cha simu, kwenye barua zote zenye nembo na kwenye ubao wa getini, na waganga wakuu walikuja na kuondoka, namba ikabaki. Nakumbuka ilibadilika mara moja tu, pale msimbo wa Tanga ulipotoka 053 ukawa 027 na namba zikaongezwa tarakimu.

Umeme ulipokatika tuliwasha chemli, na simu ikaendelea kuita. Vijana wengi hawajui kwamba simu ya waya wa shaba haitegemei umeme wa nyumba inamokaa. Umeme wake ni mdogo, wa volti 48, nao hutoka kwenye betri za kituo cha simu na kusafiri katika waya uleule unaobeba sauti. Ndiyo maana nyumba nzima inaweza kuwa gizani na simu ikafanya kazi. Simu ya mkononi inahitaji umeme mahali pawili, kwenye betri yake na kwenye mnara, na mnara nao hutegemea betri au jenereta inayotaka mafuta. Wenzetu wa Unguja, waliokaa takriban miezi 3 bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kuelezwa na mimi maana ya kuhangaika kuchaji simu.

Sasa niuseme ubaya wake, maana ulikuwa mkubwa. Kupata laini ya simu wakati wa Shirika la Posta na Simu kulikuwa kusubiri kwa miaka, na wapo walioomba wakiwa vijana wakaipata wana wajukuu, au wasiipate kabisa. Simu ilikuwa ya mjini. Kijijini kwa baba yangu hapakuwa na hata moja, na habari za misiba zilitufikia kupitia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania Dar es Salaam, mara nyingine marehemu akiwa ameshazikwa. Mwaka 1994, Shirika lilipogawanywa na kampuni ya simu ikasimama peke yake, na mwaka huohuo Mobitel ikaanza huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam, hakuna kati yetu tuliokuwa kwenye swichibodi aliyeona tishio. Simu zile zilikuwa za matajiri. Lakini takwimu za mamlaka ya mawasiliano zinaonyesha kasi iliyofuata: mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani takriban 173,000 na za mkononi takriban 126,000, na mwaka 2005 za mezani zilikuwa takriban 154,000 huku za mkononi zikikaribia milioni 3. Mwishoni mwa mwaka 2023 laini za mkononi zilikuwa zimevuka milioni 70. Katika miaka hiyo yote simu za mezani hazikupata kufika 200,000, katika nchi yenye watu makumi ya milioni. Huduma iliyoshindwa kumfikia mkulima kwa miaka mingi haikuwa na haki ya kulalamika ilipokuja nyingine ikamfikia.

Na ilimfikia kwa sababu zinazoeleweka. Vocha ya kukwangua ilimwezesha mtu kulipa kadiri ya alichonacho, bila mkataba, bila malipo ya mwezi na bila kumsubiri fundi wa kuchimbia nguzo. Mnara mmoja uliwafikia watu ambao waya ungewafikia baada ya miaka mingi, pengine usiwafikie kabisa. Huku nyuma, nyaya za shaba zikawa na soko kwenye vyuma chakavu, zikakatwa usiku, mafundi wakazirudisha, zikakatwa tena. Nguzo za miti zikaliwa na mchwa. Barabara zilipopanuliwa, waya uliong'olewa haukurudishwa kila mahali. Hospitalini kwetu laini tano zikawa tatu, tatu zikawa moja, na mwaka niliostaafu mkonga wa ile moja ulitoa mlio wa kuunguruma tu. Hakuna aliyeandika barua kuulizia, kwa kuwa kila mtu alikuwa na simu mfukoni na kazi zilikuwa zinaendelea.

Mwanzoni simu ya mkononi ingeweza kuwa simu ya ofisi, mtu akaiacha kwenye droo akienda zake. Wapo waliofanya hivyo. Lakini mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania, na huduma nyingine za fedha zikafuata, namba ya simu ikawa pochi ya mtu. Humo ndimo ulimo mshahara wake, akiba yake na mchango wa harusi ya mdogo wake. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole, jambo ambalo naliunga mkono kwa usalama wake, na namba ikafungwa moja kwa moja na kidole cha mwenyewe. Kabla ya hapo, kuanzia Machi 2017, tulipata haki ya kuhama mtandao na namba zetu, na haki hiyo ilikuwa njema. Kila hatua ilikuwa na faida yake, na kila hatua iliifanya namba kuwa ya mtu binafsi zaidi. Huwezi kumwambia mganga anayehamia Sumbawanga aiache namba yake kituoni, sawa na usivyoweza kumwambia aache kitambulisho chake cha taifa. Tatizo ni kwamba kituo chenyewe hakikubakiwa na kitu.

Baada ya usiku ule nilizunguka zahanati, vituo na shule zinazofikika kwa nauli ya mstaafu, nikauliza swali moja tu: namba ya simu ya hapa ni ipi? Karibu kila mahali nilijibiwa kwa swali: "Unataka ya nani?" Pale nilipoonyeshwa namba iliyobandikwa mlangoni, ilikuwa ya mtumishi ambaye ama hayupo tena, ama hayuko zamu. Mahali pamoja nilikuta simu ya ofisi, ndogo, ya vibonyezo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kabati la dawa. Haikuwa na chaji wala salio, na aliyekuwa akiitunza alikuwa kwenye mafunzo.

Muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu, alinionyesha simu yake binafsi. Usiku uliotangulia alipigiwa mara tisa akiwa nyumbani, hayuko zamu, na wagonjwa na ndugu zao waliopewa namba yake na wagonjwa wengine. Anapokea. Anawaeleza waende wapi, kisha anampigia mwenzake wa zamu kwa salio lake mwenyewe, analolinunua kwa mshahara wake. Nilimuuliza kama aliwahi kurudishiwa fedha za vocha. Alitabasamu tu, akaendelea kupanga kadi. Huyu ndiye amekuwa swichibodi ya kituo chake, bila kuajiriwa kwa kazi hiyo, bila zamu, bila daftari na bila wa kumpokea saa moja asubuhi. Akihamishwa kesho, eneo lake lote litakosa simu siku hiyohiyo, na huko anakokwenda ataendelea kuamshwa na watu asioweza kuwasaidia, kama yule mganga wetu mwenye moyo mwema.

Shuleni mambo yamekaa vibaya kwa namna nyingine. Mzazi mwenye mtoto bweni anapigiwa simu na namba asiyoijua, anaambiwa na mtu anayejiita mwalimu wa zamu kwamba mwanawe ameanguka, yuko hospitali, na inatakiwa fedha ya matibabu haraka. Utapeli huu unafahamika nchi nzima na bado unawanasa watu, si kwa ujinga wao, bali kwa sababu mzazi aliyeshikwa na hofu hana pa kuthibitishia. Angekuwa na namba moja ya shule, inayoanza na msimbo wa mkoa, iliyochapwa kwenye fomu ya kujiunga na kwenye ripoti ya muhula, angekata simu ya tapeli, akapiga shule, akauliza, na jambo likaishia hapo. Tapeli anaweza kununua laini ya mkononi; hawezi kukaa katika ofisi ya mwalimu mkuu akaipokea simu ya mezani ya shule.

Lipo pia suala la namba zilizokufa. Laini ya mkononi isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na baadaye namba yake huweza kupewa mteja mwingine. Hilo ni sawa kwa namba za watu, maana namba hazitoshi kuachwa zikae bure. Lakini namba ya mkuu wa shule aliyestaafu ikiwa bado imeandikwa kwenye vyeti, vibao na fomu za zamani, mtu asiyehusika kabisa, labda muuza mitumba wa mkoa mwingine, anaanza kuulizwa matokeo ya mitihani na siku ya kufungua shule.

Wapo watakaosema kwamba dunia nzima inaachana na simu za waya, na mimi nataka kuirudisha nchi nyuma. Ni kweli dunia inaachana na waya wa shaba. Uingereza imepanga kuuzima mtandao wake wa zamani wa simu. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 2025, kisha ikasogezwa hadi Januari 2027, na sababu kubwa ya kuisogeza ilikuwa wazee na wagonjwa wanaoishi peke yao, ambao vifaa vyao vya kuitia msaada vimeunganishwa kwenye waya huo. Lakini kule kinachoondolewa ni shaba. Nyumba, shule au hospitali inabaki na namba yake ileile, ila sauti inapita katika nyaya za nyuzi za kioo na intaneti badala ya shaba. Sisi tuliacha shaba ikatwe na namba ife nayo, kana kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Na njia ya kuirudisha namba bila kuirudisha shaba tunayo. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani mtandao wa nyaya za nyuzi za kioo, ulianza mwaka 2009, mwaka uleule nyaya za baharini za SEACOM zilipofika Dar es Salaam, na leo mkongo huo unapita katika mikoa yote ya Bara. Ofisi nyingi za halmashauri na hospitali za wilaya zina intaneti ya waya kwa ajili ya mifumo ya malipo na kumbukumbu. Intaneti hiyohiyo inaweza kubeba simu ya mezani yenye namba ya 022, 027 au 028, kwa kifaa kidogo kinachowekwa juu ya meza. Pale mkongo haujafika, inawezekana kabisa kuweka simu ya mezani inayotumia mnara, ambayo laini yake imesajiliwa kwa jina la kituo na haibebi akaunti ya fedha ya mtumishi yeyote. Sijali sana sauti inapita wapi. Ninachojali ni kwamba namba iwe mali ya kituo kama mhuri ulivyo mali ya kituo. Mganga mfawidhi akihama, anakabidhi mhuri, funguo, daftari la dawa na gari, na makabidhiano hayo yanaandikwa na kusainiwa. Katika orodha hiyo iongezwe simu na namba yake.

Nikiwa mtu wa kazi hiyo, nina tahadhari moja. Nyuzi za kioo hazibebi umeme kama ilivyokuwa shaba. Simu ya mezani ya namna hii ikiwekwa bila betri ya akiba itanyamaza umeme unapokatika, yaani itanyamaza usiku uleule inapohitajika. Kwa hiyo betri, au paneli ndogo ya sola kama ile inayowasha friji za chanjo katika zahanati nyingi, ihesabiwe kuwa sehemu ya simu tangu siku ya kwanza, isiachwe kuwa nyongeza itakayosubiri bajeti nyingine. Vilevile awepo mtu wa kupokea. Katika kituo kidogo haitakuwa opareta, najua hatuwezi kuajiri maopareta wa kila zahanati, lakini simu ikikaa kwenye meza ya muuguzi wa zamu, na daftari likakaa chini yake, kazi itafanyika. Anayeingia zamu asome daftari na asaini. Hilo halihitaji mkongo wala mnara.

Kuhusu gharama, tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kupeleka mawasiliano pale ambapo biashara peke yake haipeleki. Mfuko huo umesaidia kujenga minara vijijini, na wananchi wa huko wanajua thamani yake. Naomba wahusika waangalie kama namba ya kudumu ya kituo cha afya na shule ya bweni inaweza kuingizwa katika kazi hiyo, kuanzia na vituo vinavyotoa huduma ya uzazi saa 24. Halmashauri nazo zichapishe orodha ya namba hizo mahali pamoja, kama kitabu cha simu cha zamani kilivyokuwa, kwenye tovuti na kwenye mbao za matangazo za kata, kwa sababu si kila bibi anayepokea wajukuu kijijini ana simu ya kufungulia tovuti.

Hayo yatachukua muda, na ninaelewa kwamba bajeti ina mambo mengi. Lakini lipo la kufanya kabla ya bajeti. Naomba kila mganga mfawidhi na kila mwalimu mkuu atakayesoma barua hii atoke nje, aende mpaka ukutani au getini, apige namba iliyoandikwa pale na kusikiliza ni nani atakayepokea. Akipokea mtu wa Sumbawanga, amwombe radhi kwa usingizi alioupoteza, kisha atafute kopo la rangi afute namba hiyo siku hiyohiyo. Kwenye kituo cha afya cha karibu na kwetu, hadi ninapoandika barua hii, bado ipo.

Mimi msomaji wako,
Opareta mstaafu,
Tanga